Baba Alipoapa kwa Mkono wa Kushoto

Shamba la Kvernmo,
Barabara ya Kanisani, Nordal,
Dakota Kaskazini.
9 Novemba 2017

Mpendwa Shangazi Ardis,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi penye jua la huko Arizona, magoti yakiwa yamekupa nafasi kidogo, na masikio yakiwa vilevile ya kuchagua cha kusikia. Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa sababu simu tumeshaijaribu mimi na wewe, tukaishia kupigiana kelele kuhusu hali ya hewa.

Kwa kawaida hapa ndipo ningekuambia kwamba sisi sote huku hatujambo. Leo siandiki hivyo. Ukiisoma barua mpaka mwisho utajua kwa nini, na nakusihi usione nimekosa adabu. Theluji ya kwanza ilianguka juzi. Nimeisafisha njia ya kwenda ghalani mwenyewe, kuanzia ghalani kuja nyumbani kama Baba alivyotaka ifanywe, huku nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Kadi yako ya rambirambi tumeipata. Mama ameiweka dirishani jikoni, pale anapoosha vyombo, na kila siku anaitazama. Ahsante sana. Lakini Shangazi, pembeni mwa ile kadi uliandika maneno machache yaliyoniingia mwilini. Uliandika kwamba kaka yako Arvid uliyemjua wewe hakuwa mtu wa kulalamika, na kwamba umesikia mimi nilimburuta mbele ya jaji akailamba serikali miguu.

Aliyekuambia namjua. Ni Duane wa Baba mdogo Orville, ambaye mdomo wake haujawahi kupata mlango. Duane hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na Baba kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Kwa hiyo mimina kahawa, Shangazi, utulie nikusimulie.

Unajua Baba alivyoanguka mwaka jana, katikati ya mavuno ya viazi sukari. Alishuka kwenye trekta kuangalia tairi, akaketi chini, na dereva wa lori alipomfikia mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kiharusi. Hospitali ilimtoa baada ya siku chache ikampeleka kituo cha wazee pale mjini, afanyiwe mazoezi ya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na koo. Koo ndilo lililokuwa baya kuliko vyote, kwa sababu lilikuwa limesahau kumeza.

Bima ya afya ya serikali, ile aliyokatwa mshahara na mauzo yake maisha yake yote, hulipia makazi ya namna hiyo mradi mgonjwa anahitaji mtaalamu kila siku. Ikaanza kulipa. Kabla ya sikukuu ya Shukrani ikaacha. Walituletea karatasi inayosema kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na hana malalamiko, kwa hiyo hahitaji mtaalamu. Chini yake wakaongeza kwamba hata mtaalamu akiwepo, mgonjwa haonyeshi dalili ya kupata nafuu zaidi. Yaani kwa pumzi moja ni mzima mno, kwa pumzi ya pili ni mgonjwa mno. Niliisoma nimesimama sebuleni na koti mwilini, nikatamani kuipiga teke.

Sasa hilo la "hana malalamiko" lilitoka wapi? Lilitoka kinywani mwa Baba mwenyewe. Wewe umezaliwa katika nyumba hii, unatujua. Sisi ndio watu ambao mgeni akikaribishwa keki husema ameshiba huku tumbo linanguruma, na haigusi mpaka alazimishwe mara ya tatu. Unakumbuka fahali alipomvunja Baba mbavu? Alisema amesukumwa kidogo, akamaliza kukamua ng'ombe wote, ndipo akamwomba Mama ampeleke kwa daktari ikiwa hana kazi nyingine.

Basi kila asubuhi muuguzi anaingia. "Mzee Arvid, umeamkaje?" "Si mbaya." "Maumivu?" "Wapo wenye shida kuliko mimi." "Mkono?" "Umelala kidogo tu." Na yule binti, maskini, ametoka jimbo la mbali, anaamini, anaandika. Angekuwa mtoto wa Nordal angejua kwamba Mkvernmo akisema si mbaya, ni wakati wa kumwita mchungaji.

Bima ilipoacha kulipa tulikuwa na njia mbili. Moja, tumrudishe nyumbani, ambako Mama hawezi kumnyanyua na ambako hakuna anayejua la kufanya maji yakimpalia. Mbili, tumwache pale na tulipe wenyewe. Tukauza ng'ombe. Ng'ombe hawakutosha, na kilichobaki cha kuuzwa kilikuwa shamba la kaskazini, lile ambalo baba yenu alilitoa mawe kwa mikono. Jirani alikuwa ameshaanza kuuliza kwa upole kama tunafikiria kuliachia.

Baba alisema tumrudishe. Mama akasema, "Hapana, Arvid." Hilo tu. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwambia Baba hapana mbele ya watu. Baba akageukia ukutani, na mimi nikaenda kutafuta namna ya kukata rufaa.

Ndiyo, Shangazi, ni mimi niliyekata. Sikatai. Mara ya kwanza rufaa inakwenda kwa walewale waliokukatalia, na kwa kweli wanakukatalia tena. Mara ya pili inakwenda kwa kampuni nyingine inayolipwa iwaangalie wale wa kwanza. Nayo ikakataa, kwa maneno matamu kama mwuza duka anayefunga mlango usoni mwako. Watu wengi hukomea hapo. Wanachoka, au mgonjwa wao anakufa. Mama mmoja kanisani, aliyewahi kupita njia hiyo kwa ajili ya mumewe, ndiye aliyenishika mkono akaniambia nisikome, kwa sababu mara ya tatu ndipo unapofika kwa jaji, na jaji angalau atamsikiliza mgonjwa akisema.

Akisema! Nilimtazama nikacheka kwa uchungu. Yaani kesi yetu yote imebebwa na mdomo wa Arvid Kvernmo.

Wakati huohuo majira ya baridi yalikuwa yanampukutisha. Hatukuweza kulipia mazoezi yote, tukachagua ya mguu, tukapunguza ya koo. Sisi wenyewe tulikaa mezani tukachagua, Shangazi. Janelle, mtaalamu wake wa mazoezi, alinisimamisha koridoni akaniambia waziwazi kwamba mzee huenda asirudi alivyokuwa, lakini bila mikono inayojua kazi ataganda kama gunia la saruji lililonyeshewa, na mapafu yatajaa. Nikamwomba ayaandike hayo kwa jaji. Akayaandika.

Mwezi wa tano siku ikafika. Duane nadhani anawaza mahakama, kiti kirefu na nyundo. Ilikuwa simu! Jaji alikuwa jimbo jingine na mpaka leo sijui sura yake. Tulikaa katika chumba ambacho wazee huchezea bingo siku za Ijumaa, simu imewekwa katikati ya meza, imefunguliwa sauti. Baba alitaka anyolewe. Akataka shati la kanisani na tai, na Mama akamfunga tai hiyo. Nikamwambia, "Baba, jaji hakuoni." Akanijibu, "Mimi najiona."

Watu wa bima hawakuja hata kwa simu. Walituma makaratasi yao tu. Sauti ya jaji ilikuwa ya mama mtu mzima, ya polepole, yenye kikohozi kidogo. Alijitambulisha, akaeleza atakavyofanya, akauliza kama sote tunasikia. Kisha akasema, "Bwana Kvernmo, kabla hujazungumza nitakuapisha. Tafadhali inua mkono wako wa kulia."

Baba aliutazama mkono wake pale juu ya paja, kama mtu anayemtazama mbwa wake mzee asiyeitika tena. Jaji akangoja. Akauliza, "Umeuinua, Bwana Kvernmo?"

"Bado, mheshimiwa."

"Una pingamizi lolote na kuapa?"

"La, sina."

Nikanyoosha mkono wangu niunyanyue wake, jambo liishe. Akaniambia, "Uache, Signe." Halafu akaigeukia ile simu na kuiambia, "Hauinuki, mheshimiwa. Tangu mavuno haujainuka."

Mama aliziba mdomo. Shangazi, miezi yote hiyo mkono huo ulikuwa umelala kidogo tu. Mbele ya Mama, mbele yangu, mbele ya madaktari, umelala kidogo tu. Kama yule jaji angekuwa na macho ya kutuona, angeona mwenyewe na Baba asingelazimika kusema neno. Alisema kwa sababu jaji hakuona.

Jaji akasema, "Basi inua ule unaoweza." Baba akainua wa kushoto, juu kabisa, akaapa kwamba atasema kweli. Na wewe unajua Baba na kiapo. Huyu ni mtu aliyerudi mjini kwenye baridi kali kwa sababu alimwambia mwenye duka atarudi.

Jaji akaanza kumuuliza. Je, anatembea? Baba akasema anatembea akishikwa. Na asiposhikwa? "Naanguka." Je, amewahi kuanguka hapo kituoni? Baba akamtazama Mama kwanza. "Ndiyo. Bafuni. Walinikuta chini nikawaambia nilikuwa nimeketi kupumzika." Je, anakula na kunywa? "Maji yananipalia. Naogopa kunywa, kwa hiyo huwa namwaga kwenye maua." Yale maua ya dirishani, Shangazi, sote tulikuwa tukiyasifia yalivyostawi. Na usiku je? "Usiku naogopa, mheshimiwa." "Unaogopa nini?" "Kuzama. Kwa mate yangu mwenyewe."

Mama alikuwa analia bila sauti. Ameolewa na mtu huyu tangu akiwa msichana, na hayo yote aliyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja na simu.

Mwisho jaji akamuuliza kwa nini hayo hakuwaambia wauguzi, maana kila ukurasa ulio mbele yake unasema mgonjwa hana malalamiko. Baba akafikiri. Akajibu taratibu, "Waliniuliza hali. Mtu akikuuliza hali unamwambia nzuri, huo ni ustaarabu tu. Hakuna aliyeniapisha."

Nataka ujue na jambo hili, kwa sababu Duane hawezi kukuambia. Muda wote huo mkono wa kushoto ulikuwa juu. Hakuna aliyemwambia aushushe, kwa hiyo hakuushusha. Ulikuwa unatetemeka mpaka Mama akaweka kiganja chake chini ya kiwiko, akaubeba. Na yule jaji, sijui alijuaje, akasema, "Ahsante, Bwana Kvernmo. Sasa unaweza kushusha mkono."

Basi huko ndiko kulamba miguu ya serikali. Baba hakuomba kitu, Shangazi. Alijibu alichoulizwa. Katika maisha yangu nimemwona akifanya mambo mengi magumu, ila hilo lilimgharimu kuliko yote, na sitamvumilia mtu yeyote, awe ndugu au asiwe ndugu, anayelisimulia kama aibu.

Tulipomrudisha chumbani aligeukia dirisha. Nikadhani amenikasirikia. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, "Ile ya bafuni mama yako hakupaswa kuisikia." Nilikwenda kukaa kwenye gari nikalia mpaka kioo kikawa ukungu.

Uamuzi ulikuja mwezi wa sita. Tulishinda yote. Jaji aliandika kwamba sheria haimtaki mgonjwa awe anapona ndipo alipiwe; inatosha kwamba anahitaji mikono ya mtaalamu asizidi kuporomoka. Akaandika pia kwamba adabu ya mtu si ushahidi wa afya yake. Nilimsomea Baba polepole. Nilipomaliza akasema, "Si mbaya." Nikakunja karatasi. Ndipo akainua mkono wa kushoto na kusema, "Vizuri sana, Signe."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya pale kituoni. Muuguzi akiingia humuuliza ameamkaje, naye hujibu si mbaya. "Na mkono ukiwa juu, mzee Arvid?" Baba ananung'unika, anafikiri, kisha mkono huo unapanda. Siku nyingine ulipanda aseme mgongo unawaka moto. Siku nyingine ulipanda aseme kahawa yao ni maji ya kuoshea sufuria. Yule binti wa mbali alicheka hadi akakaa kitandani. Nafikiri hizo zilikuwa wiki zake nzuri.

Lakini sitakudanganya. Tulishinda, na bado nina hasira. Shamba la kaskazini limebaki letu, jirani ameacha kuuliza. Ila miezi ile tuliyokuwa tunakatishwa tamaa kwa barua, koo la Baba lilikuwa linazidi kusahau, na hakuna jaji wa kuirudisha hiyo. Mazoezi ya koo yaliporejea Janelle alijitahidi sana. Mapafu yalikuwa yameshaanza kujaa. Wakati mwingine nikiwa naendesha gari peke yangu nawatukana watu wa bima kwa sauti, kwa maneno ambayo wewe ulinifundisha.

Jioni yake ya mwisho, mwezi wa tisa, Mama alivaa koti aondoke kabla ya giza, kwa sababu giza linapoingia haendeshi. Akamuuliza, "Uko sawa, Arvid?" Akajibu, "Si mbaya." Mama akafika mlangoni. Aligeuka tu ili azime taa, akakuta mkono uko juu. Baba akasema, "Verna, usirudi nyumbani leo." Mama akalitundika koti. Kulipopambazuka Baba alikuwa ameshatuacha, na mkono huo ulikuwa katika mikono ya Mama.

Maziko yalikuwa mazuri na chakula kilikuwa kingi, kama ulivyoambiwa. Chapati zako za viazi alizipika binti wa mchungaji, hazikufikia zako. Tulimzika karibu na babu, upande ule unaotazama shamba.

Sasa kuhusu Mama. Watu wanamiminika hapa na bakuli za vyakula vya kuoka, na kila mmoja anaambiwa si mbaya. Mchungaji, si mbaya. Daktari, si mbaya. Suruali na soksi za Baba ziko kwenye kamba ya nguo tangu mwezi wa tisa, zinaganda na kuyeyuka, hataki ziguswe, na yeye si mbaya. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Leo asubuhi nilikuta ametangulia jikoni, kahawa imepoa mbele yake. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila siku, "Umelalaje, Mama?" Akaanza, "Si m..." Akaacha. Akaweka kikombe chini. Ana mikono yote miwili mizima, Shangazi, lakini aliinua wa kushoto. "Vibaya," akasema. "Nalala upande wangu wa kitanda, na ule mwingine sijui niufanye nini." Nikasogeza kiti. Tulilia wote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja, na baadaye tukatoka tukaanua zile nguo. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia leo hii.

Mama anakusalimu wewe wifi yake, na anasema kitambaa ulichomshonea bado yuko nacho. Mume wangu Curtis anakusalimu na anauliza kama machungwa ya uani yamezaa. Nisalimie binamu Lorelei na mumewe, na yule jirani yako mwenye kasuku. Duane nitamsalimia mwenyewe, usijisumbue. Mungu akulinde huko kwenye joto, akupe usingizi, na asikuache peke yako saa za kuogopa.

Jambo la mwisho. Lorelei ameniambia ulianguka jikoni mwezi wa nane na ukalala sakafuni mpaka jirani akasikia kasuku wake anapiga kelele. Kwenye kadi umetuandikia kwamba hujambo kabisa. Naomba unijibu upya. Unaandika kwa mkono wa kulia, Shangazi, kwa hiyo wa kushoto hauna kazi. Uinue kwanza, ndipo uniambie hali yako.

Binti wa kaka yako, akupendaye na anayekusubiri,

Signe